Sauti Moja, Kazi Mbili: Kisa cha Mwimbaji wa Harusi Aliyeingia kwenye Tamthilia, Malindi

Kisa hiki ni cha mwimbaji wa taarab wa Malindi ambaye kwa miezi kumi na moja alikuwa pia mwigizaji wa tamthilia ya televisheni. Majina, mtaa, jina la tamthilia na maneno ya wimbo uliozusha mgogoro yameondolewa. Kimeandikwa kwa ajili ya waimbaji wa pwani wanaoitwa kuigiza, na kwa wale wanaowaongoza: shangazi, viongozi wa vikundi na watayarishaji wenye nia njema.

USULI

Mwimbaji alikuwa na miaka thelathini na ushei, ametalikiwa, ana mtoto mmoja anayesoma. Utotoni aliitikia vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, nyuma ya shangazi yake. Ukubwani akawa sauti kuu ya kikundi cha watu wanane chenye kinanda, udi, fidla, dumbaki, tari na waitikiaji wawili. Kikundi kilikodishwa kwa shilingi 60,000 kwa usiku. Mashine za sauti na gari vilikula 18,000, yeye alichukua 8,000, na waliosalia waligawana iliyobaki kwa viwango walivyokubaliana zamani. Tuzo aliyotuzwa jukwaani iligawanywa nusu kwa nusu baina yake na kapu la kikundi. Fungu lake lilikuwa kama 9,000 kwa harusi ya kawaida. Kwa hiyo harusi moja ilimletea 17,000 hivi, taslimu, usiku uleule.

Kazi hii ina kalenda yake. Harusi hujaa Shaaban, Ramadhani ni kimya, kisha hufurika tena baada ya Idi na katika likizo ya Agosti na ya Disemba. Kwa kuwa mwaka wa Hijria hutangulia wa kawaida kwa siku 11 hivi, misimu hiyo husogea, na kuna miaka ambapo Idi na likizo hukutana na mwimbaji hapati usiku wa kulala.

Jambo la kushika kabla ya kuendelea ni kwamba kazi ya harusi huendeshwa kwa neno. Mama wa bibi harusi humpigia simu shangazi, arbuni hutumwa kwa M-Pesa, imekwisha. Hakuna karatasi, na ni nadra neno kuvunjwa, maana anayelivunja atakutana na aliyemvunjia msibani, sokoni na kwenye harusi ya mwezi ujao. Huu si uzembe. Ni mfumo wenye dhamana yake, na dhamana hiyo ni kujuana.

MKATABA WA USIKU MMOJA

Mtayarishaji alimsikia harusini Shaaban, akamwita kuigiza nafasi ya wifi mchongezi. Kazi ilikuwa siku 40 za kupiga picha ndani ya miezi minne, shilingi 4,500 kwa siku. Mkataba ulikuwa kurasa tisa za Kiingereza, akapewa jioni na kutakiwa aurudishe asubuhi. Binamu yake, mwalimu wa sekondari, alimsomea ukurasa wa malipo na wa idadi ya siku. Akatia sahihi.

Vipengele vitatu vilipita bila kusomwa. Cha kwanza kilimkataza kufanya onyesho lolote la hadhara bila idhini ya maandishi kwa muda wote wa kazi. Cha pili kilisema malipo yatatoka ndani ya siku 45 baada ya kupokewa ankara, na yeye hakujua kwamba ankara ni yeye wa kuileta. Cha tatu kiliipa kampuni haki zote za uigizaji wake. Kuhusu muziki, mkataba haukuwa na neno hata moja.

Alitia sahihi kwa sababu moja. Aliogopa nafasi itamwendea mwingine kufikia mchana. Na alipoambiwa baadaye juu ya "onyesho la hadhara", aliamini harusi haimo: ni wanawake peke yao, ndani ya ua wa watu, kwa mwaliko. Huenda hoja hiyo ingesimama mbele ya hakimu. Lakini hoja nzuri isiyoandikwa hukugharimu wakili ili kuitetea.

Jambo moja alilitaka kwa mdomo na likashika: hatavua mtandio, na mwigizaji mwanamume hatamgusa. Mwongozaji alikuwa mtu wa pwani, alielewa mara moja. Mandhari ya ugomvi na mume yalipigwa kwa picha za uso mmoja mmoja, na mkono ulioshikwa ulikuwa wa mwigizaji mwingine wa kike aliyevaa pete zilezile.

WIMBO ULIOTOKA MDOMONI

Wiki ya pili mwongozaji alihitaji wimbo wa mandhari ya singo, bibi harusi anaposuguliwa manukato kabla ya harusi. Mwimbaji akaimba shairi alilopewa miaka mingi nyuma na mshairi mzee wa Lamu, lahani, yaani tuni, akiwa ameitia mwenyewe. Watu wote wa seti walinyamaza. Kesho yake alipelekwa studio ndogo, wakarekodi kwa saa tatu: udi, fidla na sauti. Mtayarishaji alilipa studio, akamtumia mwimbaji 10,000 "ya nauli na asante". Baada ya mwezi alisikia wimbo huo ukifungua kila kipindi.

Hakukasirika. Alifurahi, na furaha hiyo ilikuwa ya haki. Kwa mazoea ya harusini, wimbo ukipendwa ndivyo unavyokua: unaimbwa, unaombwa tena, unatuzwa. Shairi lenyewe lilimfikia vivyo hivyo, kwa mkono wa mzee, bila karatasi, na malipo yalikuwa heshima pamoja na doti ya kikoi kila Idi.

HINA, UDI NA KOO

Baada ya Idi ratiba mbili ziligongana. Ndani ya wiki tatu alikuwa na harusi tano na siku tisa za seti. Harusi ziliisha saa saba au saa nane usiku. Seti ilimtaka saa kumi na mbili asubuhi. Harusi zile zilikuwa 85,000 taslimu. Siku tisa za seti zilikuwa 40,500 kabla ya kodi, za kulipwa baada ya mwezi na nusu. Ada ya shule ilikuwa mlangoni. Hakuvunja hata harusi moja, na kwa hesabu ya nyumba yake ni vigumu kumlaumu.

Kilichoharibika kwanza ni mikono. Harusini alitiwa hina na piko pamoja na wageni wengine. Rangi hiyo hukaa wiki moja hadi tatu kabla ya kufifia. Kwenye tamthilia, mandhari ya siku moja hupigwa vipande vipande kwa wiki kadhaa, kwa hiyo wifi alimimina chai kwa mikono mieupe na kupokea kikombe kwa mikono yenye maua. Mtunza mwendelezo aliliona baada ya mandhari matatu kupigwa. Vipodozi havikuficha piko nyeusi. Ikabidi avae glavu za buibui, na skripti iandikiwe sababu ya kuzivaa.

Kisha sauti. Mashine za kikundi zilielekezwa zote kwa wageni, yeye hakuwa na spika ya kujisikia. Mwimbaji asiyejisikia hupandisha sauti bila kujua, na ngoma zikipanda naye hupanda. Chetezo cha udi kilikaa hatua mbili kutoka alipokaa, usiku kucha. Moshi hukausha koo na kuliwasha. Asubuhi alifika seti amepwewa na sauti, akanong'ona ili aitunze, jambo ambalo mara nyingi humkaza mtu koo badala ya kulipumzisha. Akanywa tangawizi na asali. Tangawizi ina faraja yake, lakini kinachomezwa hupita umioni; hakizifikii nyuzi za sauti.

Siku ya sita ya msongamano sauti ilikatika kabisa. Mandhari mawili yaliahirishwa, akakatwa malipo ya siku mbili, 9,000. Harusi iliyofuata iliimbwa na mwitikiaji.

Daktari wa masikio, pua na koo wa Mombasa alimtazama kwa kamera, akaona vinundu vidogo pande zote mbili za nyuzi za sauti. Vinundu hutokana na nyuzi kugongana kwa nguvu mara kwa mara, mfano wa sugu la mkono wa mkulima. Vikiwa vichanga, mara nyingi huondoka kwa mazoezi na mabadiliko ya matumizi ya sauti, bila kisu. Aliambiwa anyamaze siku saba, kisha mazoezi ya wiki nane.

MLIO WA SIMU

Akiwa katika kimya hicho, mwitikiaji wake alimpigia mtu simu, na badala ya mlio wa kawaida akasikia ule wimbo. Ulikuwa umewekwa kwenye Skiza, huduma ya Safaricom ya nyimbo anazozisikia mpigaji simu, na jina la mwenye wimbo lilikuwa la kampuni ya mtayarishaji. Alipoulizwa kwa ujumbe, jibu lilikuwa fupi: ulishalipwa.

Siku mbili baadaye ikaja simu iliyomuumiza zaidi. Mtoto wa mshairi alitaka kujua wimbo wa mzee wao umekuwa wa nani.

HATUA ALIZOCHUKUA, NA SABABU ZAKE

Shangazi alishauri aanze na mzee, si na mtayarishaji, na hii ndiyo hatua bora ya kisa chote. Alisafiri hadi Mokowe, gati la upande wa bara, akavuka kwa boti hadi Lamu, akaingia kwa mzee na shikamoo yake na daftari mkononi. Hakuenda kujitetea. Alikiri kwamba alitoa kwa watu kitu ambacho nusu yake si chake, bila kumuuliza mwenyewe. Mzee hakumgombeza, alitaka jina lake litajwe. Wakaandika karatasi moja kwa Kiswahili: maneno ni ya mshairi, lahani ni ya mwimbaji, kila mapato ya wimbo nje ya harusi yagawanywe nusu kwa nusu. Mashahidi wawili, nakala tatu.

Bila karatasi ile, mtayarishaji angeweza kumjibu mwimbaji kwamba naye si mwenye wimbo. Na angekuwa amesema kweli.

Pili, alikusanya ushahidi: daftari lenye shairi kwa mwandiko wa mzee, rekodi za harusi za miaka ya nyuma zilizobaki kwenye simu za watu zikiwa na tarehe, na ujumbe wa M-Pesa wa 10,000. Jumbe za sauti za mwongozaji alizihifadhi pahala pawili, maana simu hupotea.

Tatu, waliusajili wimbo kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, kwa majina yao wawili. Usajili si sharti la kuwa na haki. Haki huanza pale kazi inapoandikwa au kurekodiwa. Faida yake ni kwamba mbele ya mahakama cheti hukutangulia, na anayepinga ndiye wa kuthibitisha.

Nne ndipo wakili akaandika barua, ya ukurasa mmoja na nusu, isiyo na matusi wala vitisho. Ilitaka mambo manne: majina yote mawili kwenye orodha ya mwisho wa kipindi, idhini ya maandishi yenye muda, wimbo wa Skiza uhamishiwe majina yao, na hesabu ya mapato yaliyokwisha kuingia. Waliamua kutoshtaki mara moja, kwa kuwa kesi ingechukua muda mrefu na mwimbaji bado alikuwa na siku 11 za kupiga picha.

MATOKEO

Walikutana mara mbili. Mtayarishaji alikubali kulipa 60,000 kwa matumizi ya wimbo kwenye tamthilia hiyo tu, kwa miaka mitatu, bila kuwazuia wenyewe kuutumia kwingine. Jina la mshairi likatangulizwa. Skiza ikahamishwa, mapato ya nyuma yalikuwa madogo kuliko walivyodhania. Wakili alitoza 25,000. Karatasi ya Lamu haikusema gharama zitabebwa na nani, na mwimbaji aliona haya kumkata mzee, kwa hiyo alimpelekea 30,000 kamili na gharama akazibeba peke yake. Alibaki na 5,000.

Sauti ilirudi baada ya wiki kumi, si nane. Noti za juu hazikurudi zote. Nyimbo sita zimeshushwa chini kidogo na mpiga kinanda, na wageni hawajalalamika.

Kitu kimoja hakikurudi. Familia mbili zilizozoea kumwita kila mwaka zilimwita mwingine. Hawakusema sababu, lakini shangazi aliisikia pembeni: mama mmoja hakutaka "yule wifi" aimbe mbele ya mkwe mpya. Watazamaji wa mji mdogo huyaona maigizo na mtu kwa jicho moja, na nafasi ya mchongezi ina bei ambayo malipo ya kutwa hayakuihesabu.

UCHAMBUZI

Kosa kubwa halikuwa tamaa wala ujinga. Alichukua adabu ya kazi moja akaipeleka kwenye kazi nyingine. Harusini neno hushika kwa sababu ya kujuana. Seti huja na watu wa miezi minne, na wakiondoka kinachobaki ni kilichoandikwa. Jambo hili lina mizizi ya zamani. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, sahani zake za santuri zilivuka bahari na kuuzwa. Tangu hapo sauti ya pwani imekuwa bidhaa inayoweza kusafiri bila mwenyewe, na kila chombo kipya kinarudisha swali lilelile la nani ana nini.

Wimbo mmoja una haki nne, na ni vizuri kuzitenganisha kabla ya kufungua mdomo studio: maneno, lahani, uimbaji na rekodi. Katika kisa hiki maneno yalikuwa ya mshairi, lahani na uimbaji vya mwimbaji, na rekodi, kwa kuwa mtayarishaji ndiye aliyeipanga na kuilipia, ilikuwa na hoja nzuri ya kuwa yake. Alipodai "ulishalipwa" alichanganya rekodi na mengine matatu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inataka uhamishaji wa haki uwe kwa maandishi yenye sahihi ya anayehamisha. Idhini ya kawaida ya kutumia, kwa upande mwingine, inaweza kuwa ya mdomo au kuonekana kwa mwenendo. Ndiyo maana madai ya wimbo wa ufunguzi yalikuwa dhaifu kiasi: aliuimba kwa hiari, akapokea pesa, akanyamaza. Madai ya Skiza yalikuwa na nguvu, kwani hakuna mwenendo wake ulioashiria kukubali wimbo uuzwe kwenye simu. Wakili aliweka uzito kwenye la pili ili apate la kwanza. Kwa milio ya simu, sheria sasa inampa msanii au mwenye haki si chini ya asilimia 52 ya mapato. Asilimia hiyo humfuata aliyeandikwa kuwa mwenye wimbo, basi jina kwenye usajili ndilo pesa.

Kwa mirabaha ya redio, hoteli na kumbi, watunzi wamekuwa wakikusanyiwa na MCSK, waimbaji na waigizaji na PRISK, wenye rekodi na KAMP. Vyama hivi hufanya kazi kwa leseni ya KECOBO yenye muda, kwa hiyo ulizia kwanza chama kipi kina leseni mwaka huo kabla ya kulipa kiingilio.

Kuhusu mkataba, kurasa tisa hazisomwi usiku mmoja na mtu mwenye mtoto wa kulaza. Mtayarishaji wa kweli atakupa siku tatu ukiomba. Asiyekupa amekwisha kukwambia jambo. Soma, au usomewe, sehemu sita hata kama nyingine zitakupita: nini umekatazwa, lini unalipwa na nani aanzishe malipo, siku ya kazi ina saa ngapi na zikizidi inakuwaje, picha na sauti yako zitatumika wapi tena, ukiugua nani abebe hasara, na muziki. Mkataba wa msimu wa pili, ambao mwimbaji aliupata, una sentensi hii: "Kuimba harusini na kwenye shughuli za kifamilia si onyesho la hadhara kwa maana ya mkataba huu." Una pia masharti ya stara, safari hii kwa maandishi, kwa sababu mwongozaji wa msimu wa pili si mtu wa pwani.

Malipo ya kwanza yalichelewa siku 70 kwa ajili ya ankara tu. Ankara ipelekwe siku ya mwisho ya kila mwezi ikiwa na idadi ya siku, tarehe zake na namba ya PIN ya kodi. Kwa siku 12 za 4,500 ni 54,000. Kampuni ikikata kodi ya zuio ya asilimia 5, utapokea 51,300. Zile 2,700 hazikupotea: cheti chake huonekana kwenye iTax, mtandao wa mamlaka ya kodi, na huhesabiwa unapojaza ritani kabla ya tarehe 30 Juni. Mwimbaji hakujua hili hadi wakili alipomweleza.

Sasa koo, kwa sababu bila koo mengine yote ni maneno. Utaratibu aliobaki nao ni huu. Spika moja ndogo iko miguuni pake, imemwelekea yeye. Chetezo hukaa mahali ambapo upepo hupeleka moshi kwa wageni, si kwa waimbaji. Kabla ya kuanza, dakika kumi na tano: kuvuma mdomo umefungwa, kutetemesha midomo, na kupuliza sauti kwa mrija ndani ya glasi yenye maji, ncha ikizama sentimita mbili au tatu. Zoezi la mrija linaonekana la kitoto, lakini msukumo wa maji huzisaidia nyuzi zikutane bila kugongana kwa nguvu. Nyimbo za chini hutangulia, za juu huwekwa katikati, na mwitikiaji hupewa nyimbo mbili kamili kila usiku. Kati ya harusi na siku ya seti yenye maneno mengi pana usiku mmoja mzima. Kama ana seti mwezi huo, hina anatia viganjani tu, na piko hatii kabisa. Wenye harusi wakiambiwa sababu mapema hawachukii.

Lililofanya kazi vizuri kuliko yote, kwa maoni yetu, ni ile safari ya Lamu kabla ya barua ya wakili. Wengi huanza na adui na kumsahau mwenzao. Lililobaki bila jibu zuri ni zile familia mbili. Pengine angeomba nafasi nyingine. Pengine nafasi nyingine haikuwepo.

Mzee ana mashairi mengine matano ambayo mwimbaji huyu huyaimba. Mwimbaji alimpelekea karatasi kama ile ya kwanza kwa kila moja. Mzee alitia sahihi, kisha akaongeza kwa mkono wake chini ya kila karatasi kwamba harusini yaimbwe bure, na asiulizwe tena.